Ni Lile Bomu, au Ni Yaliyofuata?

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi, watu waliokuwa kazini katikati ya jiji la Nairobi walisikia kishindo na milio ya risasi upande wa ubalozi wa Marekani. Wengi waliinuka, wakaenda madirishani kutazama. Muda mfupi baadaye bomu lenyewe likalipuka. Jumba la Ufundi, lililokuwa ubavuni mwa ubalozi, liliporomoka, na vioo vya majengo ya jirani vikawarukia usoni wale waliokuwa wamesimama nyuma yavyo. Watu 213 waliuawa Nairobi. Dar es Salaam, ambako bomu la pili lililipuka dakika chache tu kabla au baada ya lile la Nairobi, waliuawa 11. Waliojeruhiwa walipita 4,000, na miongoni mwao wamo waliopofuka kabisa.

Hayo ndiyo majeraha yaliyoonekana. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu baada ya mlipuko, madaktari wakiongozwa na Frank Njenga waliwapa dodoso zaidi ya Wakenya 2,000 walioguswa na tukio hilo. Asilimia 35 walionyesha dalili zinazokaribia kabisa zile za ugonjwa wa kiwewe: jinamizi usiku, kushtuka ovyo, kukwepa mahali na mazungumzo yanayokumbusha, moyo usiotulia. Takwimu hiyo huzua ubishi kila inapotajwa mbele ya watu wanaolijua jambo hili, maana inauliza maswali mawili kwa mpigo. Imekuwaje hao waugue? Na imekuwaje wenzao, waliosikia mlipuko uleule, wasiugue?

Mjadala unaofuata unawakutanisha watu wanne wenye majibu yanayogongana: daktari wa magonjwa ya akili, mtafiti wa masuala ya jamii, mchungaji, na mnasihi anayezunguka katika shule za msingi za Bungoma. Sauti zao zimebuniwa ili hoja zikabiliane uso kwa uso. Matukio, tafiti na takwimu wanazozitaja ni za kweli.

Daktari anaanza na mwili.

“Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala,” anasema. “Yenyewe hutambua hatari kabla mtu hajaielewa. Ikishtuka, adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hukimbia, misuli hukaza, na tumbo huacha kazi yake. Bila hiyo hakuna ambaye angeruka pembeni lori lililokosa breki likimjia. Tatizo huja pale hatari inapokwisha na mwili usijue kwamba imekwisha. Harufu ya moshi, mlio wa mlango wa chuma, rangi ya gari lililokuwa limeegeshwa pale: vyote vilivyokuwepo siku ile hujifunga pamoja na hofu, na kila kimoja kinaweza kuiamsha peke yake. Tairi linapasuka barabarani, na mtu mzima anajikuta yuko chini ya meza mbele ya wafanyakazi wenzake.”

Anaendelea na kumbukumbu. Kwa kawaida, anaeleza, ubongo hulipa tukio tarehe na mahali, likawa jambo la jana. Kumbukumbu ya kiwewe mara nyingi haipati tarehe hiyo. Ndiyo maana aliyenusurika hasemi kwamba anakumbuka kishindo, anakisikia.

“Lakini kinachomfunga mtu zaidi ni kukwepa,” Daktari anaongeza, na hapa anazungumza polepole, kama mtu aliyelieleza jambo hili mara nyingi bila kulichoka. “Mtu anaacha kupanda lifti. Siku hiyo anapata nafuu, na nafuu hiyohiyo ndiyo inayomfundisha kuikwepa kesho, kwa sababu mwili haukupewa nafasi ya kuona kwamba lifti haina neno. Kutoka lifti anahamia maghorofa yote. Kutoka maghorofa anahamia katikati ya mji. Baada ya mwaka yuko nyumbani, kazi imeondoka, marafiki wamechoka kumwalika, na sasa ana sonona juu ya hofu. Wengine hutafuta usingizi kwenye chupa. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha kwamba kati ya watu waliowahi kupata ugonjwa wa kiwewe maishani, takriban asilimia 88 ya wanaume na 79 ya wanawake walikuwa na angalau ugonjwa mwingine mmoja wa akili. Kwa hiyo anayeniuliza uhusiano wa kiwewe na wasiwasi uko wapi, namwambia asitafute uzi mmoja. Kiwewe huingia kwa mlango wa hofu, kisha hutembea nyumba nzima.”

Mtafiti amekuwa akisubiri.

“Daktari, sibishani nawe kuhusu amigdala. Ninabishana kuhusu jina,” anasema. “Ugonjwa huu uliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya miaka ya shinikizo la wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam na madaktari waliowatetea. Kabla ya hapo, mwaka 1915, Charles Myers aliandika kuhusu askari wa Uingereza waliopoteza kumbukumbu, na uwezo wa kuona, kunusa na kuonja, huko Ufaransa, na watu wakadhani mawimbi ya makombora yametikisa ubongo. Wengine wakawaita waoga. Kila zama ina namna yake ya kusoma maumivu yaleyale. Hata ninyi wenyewe mliuweka ugonjwa huu katika kundi la magonjwa ya wasiwasi hadi 2013, kisha mkautoa na kuupa kundi lake. Sasa unakuja kwa mama aliyefiwa na mume chini ya kifusi, ana watoto wanne na kodi ya miezi mitatu, unampa dodoso, halafu unamwambia anaumwa. Anaumwa nini? Amefiwa. Amefilisika. Ana haki ya kukosa usingizi.”

Hoja hiyo ina wazee wake. Mwaka 2001 daktari Derek Summerfield aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba ugonjwa wa kiwewe umegeuza mateso ya vita na dhuluma kuwa tatizo la ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na kwamba miradi ya tiba ya kiwewe inayopelekwa maeneo ya vita huwasahaulisha watu kuhusu siasa na umaskini uliowaumiza. Waliompinga walikuwa wengi, lakini swali lake halijaondoka.

Mtafiti anatumia pia takwimu za Shirika la Afya Duniani. Takriban asilimia 70 ya watu duniani hupitia angalau tukio moja la kutisha maishani: ajali, kushambuliwa, kifo cha ghafla cha mpendwa, vita. Wanaopata ugonjwa wa kiwewe kati yao ni asilimia 5.6. “Yaani zaidi ya watu tisa kati ya kumi hawaugui,” anasema. “Kama sababu ni tukio, mbona matokeo ni machache hivyo?”

“Kwa sababu hayo ni matukio yote yakichanganywa,” Daktari anajibu. “Ajali ya pikipiki iliyoisha kwa mkono kuvunjika imewekwa kapu moja na ubakaji. Tenganisha uone. Kwa waliopitia vita au machafuko, shirika hilohilo linasema kiwango kinapanda hadi asilimia 15.3, na kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono kiko juu sana vilevile. Halafu kuna idadi. Mwaka 2004 Frank Neuner na wenzake walichapisha uchunguzi wa zaidi ya watu 3,000, wenyeji na wakimbizi, katika eneo la West Nile, mpakani mwa Uganda na Sudan ya wakati ule. Waliopitia matukio matatu au pungufu, asilimia 23 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Waliopitia matukio 28 au zaidi walikuwa nao wote. Asilimia 100, ndugu yangu. Ushujaa upo, imani ipo, lakini kuna kiwango ambacho hakuna mwanadamu anayekivuka akiwa mzima.”

Kimya kidogo kinapita. Kisha Mtafiti anarudi kwenye asilimia 35 ya Nairobi. Anakumbusha kwamba dodoso lile lilijazwa ndani ya miezi mitatu, majeraha yakiwa mabichi, na kwamba hadi asilimia 40 ya wagonjwa wa kiwewe hupona ndani ya mwaka mmoja. Daktari anakubali sehemu hiyo bila kusita. Kupima mapema kunaonyesha wangapi wameumia. Hakuonyeshi wangapi watabaki wameumia.

“Basi tupime kwa kuchelewa,” anasema. “Rwanda. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili wa 2018, miaka 24 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika watu kwa jumla, ugonjwa wa kiwewe ulikuwa asilimia 3.6. Kwa manusura, asilimia 27.9. Sonona kwa watu kwa jumla ilikuwa asilimia 12, kwa manusura asilimia 35. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1994 alikuwa amekwisha kuwa mzazi. Hapo huwezi kuniambia ni jeraha bichi.”

Takwimu za Rwanda zinastahili kutazamwa mara ya pili, kwa sababu zinasema jambo ambalo mazungumzo ya kiwewe huwa yanalipita haraka. Miongoni mwa manusura, sonona imewapata wengi kuliko hata ugonjwa wa kiwewe wenyewe. Watu huja wakitarajia ndoto za mapanga, na zipo. Kila Aprili, nchi inapoomboleza, wapo wanaozidiwa ghafla katikati ya mkusanyiko, wakipiga kelele na kukimbia kana kwamba wauaji wamo uwanjani. Wanyarwanda wanalo jina la hali hiyo, ihahamuka, na wahudumu huandaliwa mapema kila mwaka kuwapokea. Lakini wapo wengi zaidi ambao hawapigi kelele. Wamechoka, hawana hamu ya chakula wala ya mtu, wanalima kwa mazoea. Asiyejua kuuliza atawapita.

Mchungaji, ambaye hadi sasa alikuwa akisikiliza, anaomba nafasi.

“Nyote wawili mnazungumza kana kwamba kabla ya dodoso watu walikuwa wameachwa,” anasema. “Mwaka 1998 waliofiwa walikuja kanisani na msikitini kabla ya kwenda kwa daktari yeyote. Tulizika. Tulikesha kwenye matanga. Watu walipika, walichanga, walilala chini ya turubai na mwenye msiba ili asibaki peke yake na usiku. Hiyo si tiba?”

Anajua anachokizungumza. Watafiti waliolinganisha manusura wa Nairobi na wale wa Oklahoma City, ambako bomu la Aprili 1995 liliua watu 168, walikuta viwango vya ugonjwa wa kiwewe katika miji hiyo miwili vinakaribiana. Njia za kujisaidia ndizo zilizotofautiana. Wamarekani walikwenda zaidi kwa matibabu ya hospitali na wengine kwenye pombe. Wakenya waliegemea zaidi dini. Ubongo wa mwanadamu, kwa hiyo, haukubadilika kwa kuvuka bahari. Kilichobadilika ni mlango alioubisha.

Daktari anaheshimu hoja hiyo, lakini haiachi ipite hivihivi. “Mchungaji, matanga huisha. Watu hukunja turubai, na mjane anabaki na ndoto zake mwezi wa nane, mwezi wa ishirini. Akirudi kwako anasema moyo unamwenda mbio na anaona kama anakufa, kuna wanaomwambia imani yake ni haba. Kuna wanaomwambia ni pepo. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilitoa ripoti ya watu wenye matatizo ya akili waliofungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo, na baadhi yao walifungwa mahali pa maombi. Wewe hufanyi hivyo. Lakini yule mjane hajui atakutana na nani mlangoni.”

“Ni kweli,” Mchungaji anasema. “Na ninaona aibu kwa ajili ya hao. Ila nanyi semeni yenu. Si ninyi mliokuwa mkiwakusanya watu siku ya pili baada ya msiba na kuwataka wasimulie kila walichokiona, mmoja baada ya mwingine?”

Swali hilo linagusa sura chungu ya taaluma. Tangu miaka ya 1980 ilienea desturi ya kuwakalisha walionusurika kikao kimoja, siku chache baada ya tukio, ili wasimulie yote na “kuyatoa”. Ilionekana ni busara. Majaribio yalipokuja kufanywa kwa makini, ikaonekana kikao hicho hakizuii ugonjwa wa kiwewe, na kwa baadhi ya watu huenda kiliongeza madhara. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wenye mkazo tofauti kabisa: angalia usalama wa mtu, msikilize ikiwa anataka kuzungumza, umuunganishe na jamaa zake na huduma anazohitaji, usimlazimishe kusimulia.

“Mnaona?” Mchungaji anauliza. “Hayo ni matanga.”

“Nusu yake,” Daktari anasema. “Nusu nyingine ni kujua nani, baada ya wiki na miezi, hajarudi kuwa yeye, na kumpeleka anakoweza kutibiwa. Hiyo nusu matanga hayana.”

Mnasihi kutoka Bungoma hajasema neno. Anapozungumza, anawavuta wote kutoka mwaka 1998.

“Wazee wangu, lile bomu lina bustani ya kumbukumbu pale pembeni ya Barabara ya Moi na Haile Selassie. Kila Agosti watu huweka maua. Watoto ninaowaona mimi hawana bustani. Aliyewaumiza wanakula naye meza moja.”

Ana sababu ya kusema hivyo. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kufanya uchunguzi wa kitaifa uliowauliza wasichana na wavulana pia kuhusu kila aina ya ukatili, mwaka 2009. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba hivi, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Waliopigwa na kuumizwa kimwili walikuwa karibu robo tatu. Kenya ilipofanya uchunguzi kama huo mwaka 2010, ilikuta asilimia 32 ya wanawake vijana na 18 ya wanaume vijana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono utotoni.

Na madhara yake hayaishi utotoni. Mwaka uleule wa mabomu, 1998, Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha Marekani matokeo ya mwanzo ya utafiti ambao hatimaye ulihusisha zaidi ya watu wazima 17,000. Waliwauliza kuhusu mambo ya nyumbani walikolelewa: kupigwa, kudhalilishwa, mama kupigwa, mzazi mlevi au aliyefungwa. Waliotaja aina nne au zaidi walikuwa kwenye hatari ya ulevi, madawa ya kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyozidi mara 4 hadi 12 ile ya wasiotaja hata moja. Watu hao walikuwa na bima ya afya. Wengi walisoma hadi chuo. Maumivu ya utotoni hayakuwaacha kwa sababu ya mshahara.

“Mtoto wa aina hiyo,” Mnasihi anasema, “haji kwangu akisema ana kiwewe. Mwalimu ndiye anamleta, anasema mtoto huyu ni mjeuri, au haandiki, au anaumwa tumbo kila Jumatatu. Mtu mzima akimwona anasema hana adabu. Mimi naona mtoto ambaye mwili wake uko macho saa ishirini na nne. Amejifunza kusoma sauti ya mlango ikifunguliwa usiku, ajue ni nani na amekunywa kiasi gani. Ujuzi huo ulimlinda nyumbani. Darasani unamharibia kila kitu.”

Mtafiti anamuuliza kwa upole, maana swali lenyewe ni gumu, kama kuna faida kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye nyumba ileile.

Mnasihi anajibu kwa jambo alilolishuhudia kwa karibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wa Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania, waligawanywa. Nusu walipata vikao vya tiba ya kiwewe vya kila wiki, vilivyowashirikisha walezi wao pia. Nusu walipata huduma za kawaida zinazotolewa kwa yatima. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wasio na historia ya kazi hiyo, waliofunzwa na kusimamiwa. Vikao vilipomalizika, waliotibiwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka, tofauti ilibaki wazi Bungoma, mjini na vijijini.

“Na Moshi?” Mtafiti anauliza. Anajua jibu.

“Moshi, baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa.”

“Kwa hiyo walipona bila tiba yenu.”

“Walipona wakiwa na watu,” Mnasihi anasema. “Sijui vizuri maisha ya Moshi, sitayasemea. Lakini ninachokiona Bungoma ni kwamba mtoto aliyepata mlezi anayemuuliza amekula nini na amelalaje, mara nyingi hunihitaji kidogo. Asiye na mlezi huyo ananihitaji sana, na hata nikimsaidia lazima nimtafutie mtu wa kubaki naye. Kwa hiyo takwimu hiyo hainivunji moyo. Inanionyesha nikimbilie wapi kwanza.”

Hapa ndipo mjadala unapofika kwenye kiini chake, na ndipo mwandishi wa makala haya anaposimama na Mnasihi. Mwaka 2000 Chris Brewin na wenzake walikusanya tafiti 77 za ugonjwa wa kiwewe na kupima mambo 14 yanayosemekana kuongeza hatari: jinsia, umri, elimu, historia ya familia, ukali wa tukio, na kadhalika. Yaliyokuwa na uzito mkubwa ni yale ya wakati wa tukio na baada yake, na lililoongoza yote lilikuwa kukosa watu wa kumtegemeza mtu baada ya tukio. Dhiki za maisha zilizofuata zilikuwa karibu yake. Rudi sasa kwenye dodoso la Nairobi. Waliokuwa na dalili nyingi ni wanawake, waliouona mlipuko kwa macho, waliojeruhiwa, waliofiwa. Hayo hayabadiliki. Lakini orodha inaendelea: ambao majeraha yao hayakupona, ambao hawakuwa na rafiki wa kumweleza siri, ambao waliingia katika shida ya fedha tangu siku ile. Hayo matatu hayakuletwa na bomu peke yake. Yaliletwa pia na yaliyofanyika, na yasiyofanyika, katika wiki na miezi iliyofuata, na kwa kila moja palikuwa na kitu ambacho jamii na serikali zingeweza kufanya.

Mtafiti anaona nafasi yake. “Basi nisikilizeni kuhusu fidia,” anasema. “Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga wa mashambulizi, yakiwemo yale ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam. Walionufaika ni Wamarekani na watu waliokuwa wakifanya kazi ubalozini. Mkenya aliyekuwa akipita na basi, karani wa ofisi ya jirani, mwanafunzi aliyekuwa darasani Ufundi, hawamo. Zaidi ya miaka ishirini wanazunguka na mafaili. Wengine bado wana vipande vya vioo mwilini. Daktari, utampa dawa ya usingizi mtu ambaye kila akiingia ofisini anaambiwa maumivu yake hayahesabiki?”

“Nitampa,” Daktari anasema, “kwa sababu usiku wa leo anahitaji kulala. Kisha nitasimama naye kudai fidia. Sioni kwa nini nichague moja.” Halafu anataja Kongo, ambako vita havikusubiri tiba imalizike. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika vijiji vya Kivu, Kaskazini na Kusini, yakiwahusisha wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yalirekebishwa yaweze kushikwa kichwani, na wasaidizi Wakongomani waliyaendesha kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 70 ya wanawake walikuwa na sonona au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Miezi sita baada ya tiba ya kikundi, walibaki asilimia 9. Kwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja, walibaki asilimia 42.

“Katika miezi hiyo yote bunduki hazikunyamaza Kivu,” anasema. “Ningesubiri amani kwanza, wangekuwa bado wamejifungia.”

Mtafiti anatafakari. Hakubali kwamba jina la ugonjwa linatosha, lakini takwimu ya Kivu anaichukua kwa uzito wake. “Kilichowasaidia huenda pia ni kukaa pamoja,” anasema, “kila mmoja akiona kwamba jirani yake amebeba aibu ileile.”

“Huenda,” Daktari anakubali. “Lakini pia walifundishwa kuikagua fikra inayowaambia kwamba kosa ni lao. Ukatili huacha hofu, na juu ya hofu huacha hatia. Ndiyo sababu moja ya kuutoa ugonjwa huu kwenye kundi la wasiwasi: wapo wagonjwa ambao hawaogopi tena chochote, wanajichukia tu.”

Mchungaji anasikia neno hilo na kusema kwamba hatia anaifahamu, kwamba ndiyo anayoisikia zaidi kwa watu wanaokuja kuzungumza naye faragha, na kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha kutofautisha ile inayohitaji toba na ile aliyobebeshwa mtu na aliyemdhulumu. Anamuuliza Daktari kama mafunzo hayo yapo kwa viongozi wa dini wa kawaida, wa kijijini. Daktari anasema yapo hapa na pale, kwa bahati.

Linabaki swali la nani atafanya kazi hiyo. Madaktari bingwa wa akili hawatoshi nchini Kenya na hawatatosha kizazi hiki. Kinachotajwa na wengi ni wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 ambao serikali ya Kenya iliwasambaza vijijini na mitaani mwaka 2023 wakiwa na mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Mtafiti anasema posho hiyo ni ya kupima shinikizo la damu na kutembelea wajawazito. Ukimwongezea mtu huyo simulizi za ubakaji na kujiua bila kumwongezea malipo, unamdhulumu. Daktari anasema bila njia ya wazi ya kupeleka wagonjwa mahututi hospitali, itakuwa hatari.

Mnasihi anawasikiliza wote wawili, kisha anasema kuna jambo wamelisahau. Kwa wiki moja anaweza kusikia mambo ambayo hawezi kumwambia mume wake wala dada yake. Kuna siku anarudi nyumbani na kushindwa kugusa chakula. Anataka kujua nani atamsikiliza yeye.

Daktari anasema anaweza kufika Bungoma mara moja kwa mwezi, kukaa na wanasihi wote. Mnasihi anamshukuru, lakini anamkumbusha kwamba wakati wa utafiti ule walikuwa wakikutana na msimamizi kila wiki, na kwamba hilo ndilo analoliomba: kila wiki, kwa ratiba iliyoandikwa, na fedha zake ziwekwe kwenye bajeti ya kaunti.